"Mgomvi" Machoni pa Nani? Neno Moja katika Uhakiki wa Wahusika

Swali la sifa za wahusika halikosekani katika ufundishaji wa fasihi. Mwanafunzi huulizwa amweleze mhusika fulani, naye huorodhesha: ni jasiri, ana bidii, ni mgomvi. Neno hili la mwisho ndilo linalotushughulisha hapa. Makala haya yanadai kwamba "mgomvi" aghalabu ni hukumu zaidi ya sifa, na kila hukumu ina mtoaji wake.

Tuanze na umbo. Nomino mgomvi imetokana na kitenzi gomba, ambapo sauti /b/ hugeuka /v/ mbele ya irabu /i/, kama ilivyo katika iba na mwivi. Kitenzi hicho hicho kimezaa gombeza, gombana na gombea. Gombana imo katika kauli ya kutendana. Mtu hawezi kugombana peke yake. Ndiyo maana wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao, kwa wingi. Lakini neno mgomvi hulichukua tendo la watu wawili na kumtwika mmoja tu.

Yapo pia maneno jirani ambayo wanafunzi huyachanganya. Mchokozi ndiye aanzaye. Mbishi hukataa asemalo mwenziwe, hata bila hasira. Mshari hutafuta shari pasipo sababu. Mkorofi huudhi watu, akawa haelewani nao. Haya si visawe kamili, na jibu linaloyatumia kiholela hupoteza uzito.

Tutazame tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981). Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la Delamon kudai haki zao, na harakati hizo zinamletea mvutano hata katika ndoa yake. Mwanafunzi anaweza kuandika: "Lanina ni mgomvi kwa sababu anazozana na mwajiri na mumewe." Mizozo hiyo imo kweli katika tamthilia. Hata hivyo, jibu hilo limeazima macho ya Delamon. Kwa wafanyakazi wenzake, Lanina anagombea haki. Mzizi ni ule ule, ila kauli ya kutendea imeongeza jambo muhimu: tendo sasa lina lengo. Anayemwita mgomvi ameliona zogo, akaliacha lengo.

Kinyume chake tunakipata katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980). Maksuudi anawafungia ndani mkewe, Bi Tamima, na bintiye, Maimuna. Wengi wetu tutamwita mkatili au dikteta, na ni sawa. Ni nadra kumwita mgomvi. Kwa nini? Kwa sababu nyumbani mwake hapana wa kumjibu, na pasipo majibizano hapaonekani ugomvi. Hivyo basi, neno hili lina hatari ya kumwangukia anayepinga dhuluma na kumpita anayeitenda, hasa anayepinga anapokuwa mwanamke.

Hatusemi kwamba neno lifutwe katika majibu. Wapo wahusika wagomvi kwelikweli, wanaozozana na kila mtu kwa jambo dogo. Tunalopendekeza ni kwamba mwalimu awazoeze wanafunzi kujiuliza maswali matatu kabla ya kuliandika. Je, ni nani katika kazi hii anayemwona mhusika hivyo? Ni nani aliyeanza? Na kinachogombewa ni nini? Mwanafunzi aliyejiuliza hayo ataandika: "Machoni pa Delamon, Lanina ni mgomvi, ilhali kwa wafanyakazi ni mtetezi," kisha atoe mifano ya pande zote mbili. Jibu la namna hii linaonyesha kwamba ameisoma kazi yenyewe, hakukariri orodha ya sifa.

Sisi wasahihishaji nasi tuna wajibu. Tukiituza sifa isiyothibitishwa kwa tukio, tunamfundisha mtoto kwamba kumpa mtu jina kunatosha. Na darasani mwetu hakukosi msichana anayeuliza maswali mengi, ambaye wenzake wameshamwita mgomvi. Atakavyosikia tukimjadili Lanina ndivyo atakavyopima kama inafaa kuinua mkono tena.