Istilahi za Usukani wa Gari: Uhakiki

Neno usukani lilitoka baharini. Jahazi lilikuwa nalo kabla motokaa ya kwanza haijateremshwa pwani, na lilipohamia nchi kavu lilieleweka bila taabu. Walakini usukani wa jahazi ni ubao na mkono wake tu, ilhali usukani wa gari ni mlolongo wa vyuma vingi, na hapo ndipo neno moja linapoelemewa. Twakusudia kulipima jambo hili kwa gari moja linalojulikana na wengi: pikapu ya Land Rover Series III, iliyoundwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985, ambayo mafundi bado huifufua.

Mlolongo wenyewe ni huu. Mhimili wa usukani huingia katika sanduku la gia, ambalo mafundi huliita steringi boksi. Kutoka hapo ufito mmoja huenda mbele hadi kwenye rilei, silinda iliyosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi. Rilei hupokea mwendo huo na kuupitisha kwa ufito wa pili mpaka kwenye mkono wa gurudumu. Na ufito wa tatu huyafunga magurudumu mawili yageuke pamoja. Fito tatu, na kila ncha ina tufe linalozunguka ndani ya kikombe: matufe sita, na lolote likilika, gari huyumba.

Katika gereji nyingi fito zote tatu ni tairodi, na ncha zake pia ni tairodi. Fundi hadhuriki, kwa kuwa humwonyesha mwanafunzi kwa kidole. Kitabu hakina kidole. Karani wa bohari anayeandika “tairodi mbili” ataletewa nini? Twaona yafaa tairodi libaki jina la ule ufito wa tatu peke yake, na kile kinacholika kiitwe ncha ya tairodi.

Kosa la ofisini ni la namna nyingine, nalo ni baya zaidi. Mfasiri asiyepata kulala chini ya gari huona kingipini akaandika “pini ya mfalme”. Huona vipimo vya magurudumu akaandika “vidole vya ndani”. Hakuna fundi atakayeyajua maneno hayo, wala hakuna mfalme humo. Kingipini limekwisha kuvaa sauti za Kiswahili, liachwe.

Neno tunalolitetea kwa nguvu zaidi ni kitenzi kucheza. Fundi husema “gurudumu linacheza”, na kila mtu humwelewa. Mwongozo rasmi hupenda nomino, ukasema “mchezo wa gurudumu”, na sentensi ikaanza kunuka uwanja wa mpira. Tazama jinsi maelekezo yanavyonyooka kitenzi kikiachwa: Inua gari kwa jeki. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Likiacha kucheza, kasoro ni beringi za gurudumu. Likiendelea, kasoro ni kingipini. Hakuna istilahi mpya hata moja, na uamuzi wa fedha nyingi umefanyika. Lakini kucheza lisichanganywe na kuyumba wala kutetemeka: la kwanza ni ulegevu wa chuma, mengine mawili ni tabia ya gari likiwa njiani.

Kuna mahali ambapo ulegevu wa lugha waweza kuua. Kila ufito una ncha moja yenye hesi za kulia na nyingine yenye hesi za kushoto, ili ufito ukizungushwa urefuke au ufupike bila kufunguliwa. Mwandishi akisema “ncha ya kushoto”, ataka ncha iliyo upande wa kushoto wa gari, au ile ya hesi za kushoto? Na kushoto kwa nani, aliyeketi kwenye kiti au aliyesimama mbele ya boneti? Atakayelazimisha ncha katika hesi zisizo zake ataziharibu, na ncha hiyo ndiyo inayoshika gurudumu mteremkoni. Twapendekeza “kushoto kwa dereva” kwa upande, na “hesi za kinyume” kwa ile ya pili.

Rilei nayo yadai mpangilio wa sentensi kuliko jina. Ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi, nayo huweza kuruka usoni mwa anayeifungua. Onyo hilo liandikwe kabla ya amri ya kufungua. Tafsiri inayosema “toa mhimili, ukijihadhari na springi” imekuwa sahihi kwa sarufi na imechelewa kwa jicho.

Kuhusu vile “vidole”, mafundi husema alaimenti, neno ambalo ni pana mno. Linalopimwa hapa ni jinsi magurudumu yanavyokaribiana mbele kuliko nyuma: katika gari hili, milimita 1.2 hadi 2.4. Twapendekeza “mkaribiano wa mbele”. Jina hilo si zuri masikioni, na tutafurahi wasomaji wakituletea lililo bora, iwapo litakuwa limekwisha kusemwa mbele ya fundi akalielewa mara ya kwanza.