Ratiba Iliyoanzia Chumba cha Mitambo

Chila ya hospitali, yaani mtambo wa kupoza maji, inasukuma lita 10 za maji kila sekunde. Maji yanatoka mtamboni yakiwa na nyuzijoto 7, yanazunguka wodini na kwenye vyumba vya upasuaji, kisha yanarudi yakiwa na nyuzijoto 12. Kila lita hubeba takriban kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mtambo unaondoa joto la kilowati 210 hivi. Kama kilowati 1 ya umeme inatosha kuondoa kilowati 5 za joto, mita inapaswa kusoma karibu kilowati 42. Ikisoma 60, kuna tatizo, na msimamizi wa jengo ndiye anayetakiwa kujua kama mirija imejaa ukoko, gesi imepungua au kipimo chenyewe kinadanganya.

Hesabu hii inaenea kwenye nusu ukurasa. Lakini anayeifanya kwa kuielewa lazima awe amepita kwenye fizikia, thamodinamiki, mekanika ya vimiminika na umeme. Ndiyo maana naamini ratiba ya shahada ya teknolojia ya uhandisi kwa wasimamizi wa majengo haipangwi kwa kuanzia muhula wa kwanza. Inaanzia chumba cha mitambo na kurudi nyuma, somo kwa somo, kwa kuuliza kila mara: ili alijue hili, lipi lilipaswa kutangulia?

Mfano ninaoupenda ni wa California Maritime Academy, chuo kilichoanzishwa mwaka 1929 kufundisha mabaharia na kilichojenga makao yake Vallejo, kando ya ghuba ya San Francisco. Mwaka 2025 kiliunganishwa na Cal Poly, lakini kabla ya hapo kilikuwa kimeshaweka shahada ya teknolojia ya uhandisi wa majengo na mitambo yake sambamba na ile ya wahandisi wa meli. Ujirani huo una mantiki. Meli huzalisha umeme wake, hugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, husafisha majitaka yake, hupoza vyumba vya kulala, na moto ukizuka haina zimamoto wa kuitwa kutoka mjini. Fundi wa meli akiingia chumba cha jenereta cha hoteli kubwa hukuta mitambo anayoifahamu.

Uamuzi mzito katika ratiba ile ulikuwa kumpandisha mwanafunzi kwenye meli ya mafunzo, Golden Bear, yenye urefu wa mita 152, mara baada ya mwaka wa kwanza. Hapo bado hajagusa thamodinamiki. Wapo walimu watakaopinga: atajifunza nini kwenye mtambo ambao nadharia yake haijui? Mimi niko upande wa ratiba. Pampu inayonyonya maji kwa shida hutoa mlio kama kokoto zinazogongana ndani ya bomba, kwa sababu presha imeshuka hadi maji yanafanya viputo vya mvuke, kisha viputo vinapasuka vikigonga chuma. Aliyewahi kuusikia mlio huo akiwa zamu ya usiku, mwalimu akiandika mlinganyo wake ubaoni mwaka unaofuata, tayari ana swali la kuuliza. Likizo mbili za kiangazi zinazofuata hupelekwa kwenye kazi ya mafunzo nchi kavu, na kila mara anakwenda akijua zaidi ya alivyojua safari iliyopita.

Ugumu uko kwenye mnyororo wa masomo tangulizi. Hebu tupange mihula 8: trigonometria, kalkulasi, fizikia, thamodinamiki, uhamishaji joto, mifumo ya kupoza hewa, usimamizi wa nishati, mradi wa mwisho. Kila somo linasubiri lililo kabla yake, na yote 8 yamejaza mihula 8. Hakuna pumzi. Mwanafunzi akianguka kalkulasi, na chuo kidogo kikiwa kinaifundisha mara moja kwa mwaka, amepoteza mwaka mzima hata kama masomo mengine yote amefaulu. Mpangaji makini huufupisha mnyororo huo kwa kufundisha fizikia na kalkulasi pamoja, na huliacha tawi la umeme, yaani saketi, mota na udhibiti wa mitambo, likimbie pembeni bila kusubiri joto.

ABET, chombo cha Marekani kinachoidhinisha programu hizi, kinataka masomo ya fani yasipungue theluthi moja ya mzigo wote wala yasizidi theluthi mbili. Kwa shahada ya krediti 120, hiyo ni kati ya 40 na 80. Zinazobaki ndizo watu huzidharau, na hapo wanakosea sana.

Kemia, kwa mfano. Mwaka 1976 waliohudhuria mkutano wa maveterani katika hoteli moja mjini Philadelphia waliugua nimonia isiyojulikana, na 29 kati yao wakafa. Mwaka uliofuata bakteria wake aligunduliwa, akaitwa Legionella, na mfumo wa kupoza hewa wa hoteli ukahusishwa na maambukizi. Bakteria huyo hustawi kwenye maji ya uvuguvugu, yakiwemo ya minara ya kupozea isiyotunzwa. Ukilitoa somo la kemia ya maji kwenye ratiba, unahatarisha wagonjwa.

Au uandishi. Pampu ya kilowati 30 kwenye mzunguko uliofungwa, ikipunguzwa mwendo hadi asilimia 80, hutumia takriban kilowati 15 tu, maana nguvu hufuata mwendo kwa kipeo cha tatu. Kwa saa 6,000 kwa mwaka zinaokolewa karibu uniti 88,000. Lakini kifaa cha kupunguza mwendo kinanunuliwa na ofisi ya fedha, na mhasibu hasomi mlinganyo. Anataka kurasa mbili zinazosema fedha inarudi lini. Somo la kuandika ripoti ningeliweka muhula ule ule wa mekanika ya vimiminika, ili hesabu na barua viandikwe na mkono mmoja.

Kwa mradi wa mwisho, mwanafunzi asichore jengo jipya. Apewe lililopo, la zamani kidogo, lenye michoro iliyopotea na vali zisizo na vibao. Akae humo siku nzima, usiku na mchana, arudi na daftari la vipimo vya saa 24, na swali la kwanza atakaloulizwa na jopo liwe: mita uliyoisoma ilihakikiwa lini mara ya mwisho?