Tafsiri Maneno, Usigeuze Picha

Sisi tunaonunua saa na mashati hapa Zhanxi tunajua kuwa kioo hugeuza mambo: saa tatu husomeka saa tisa, na vifungo vya shati la kiume huhamia upande wa kike. Manga, yaani katuni za Kijapani, husomwa kutoka kulia. Akira ya Katsuhiro Otomo ilipotolewa kwa Kiingereza Marekani kuanzia 1988, picha ziligeuzwa; mkono wa kulia ukawa wa kushoto. Mwaka 2002 Tokyopop ikaanza kuziacha zilivyo, na wasomaji wakazoea. Kwetu si jambo geni: Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia. Atakayetuletea manga kwa Kiswahili asituhurumie. Atafsiri maneno, picha aziache.