Vichekesho vya Usiku Mkubwa na Kiingereza cha Kila Siku

Walimu wengi wa Kiingereza, na hata baadhi ya wafasiri, wamezoea kuwashauri wanafunzi wao wavitazame vichekesho vya televisheni za Marekani, hasa vile virushwavyo usiku na kuyafanyia mzaha mambo ya siasa na ya watu mashuhuri. Wasema kwamba huko ndiko kinakosemwa Kiingereza chenyewe, si kile cha vitabu vya sarufi. Shauri hilo si baya, ila latolewa kwa wepesi mno. Makala haya yakusudia kulipima: vipindi hivyo vyafundisha Kiingereza gani, na mwanafunzi aweza kupotoshwa wapi.

Kwanza jina. Wapo waviitao 'vichekesho vya usiku wa manane'. Usiku wa manane, kama neno lenyewe linavyoonyesha, ni ule wa saa nane, wakati ambapo wenye nyumba wamelala na wezi wamo kazini. Kipindi cha The Tonight Show, kilichoanza katika shirika la NBC mwaka 1954 na kuweka kielelezo kilichofuatwa na vingi, kiliwekwa saa tano na nusu za usiku kwa saa za pwani ya mashariki ya Marekani, mara tu baada ya taarifa ya habari. Kwa sababu hiyo napendelea 'vichekesho vya usiku mkubwa'. Wala jambo hili si la saa tu. Mtazamaji wa Marekani huketi mbele ya mchekeshaji akiwa amekwisha kusikia habari za siku. Mzaha hujengwa juu ya kile anachokijua tayari. Mwanafunzi wa Dodoma au Nakuru huukuta mzaha huo kesho yake, au mwaka wa pili yake, akiwa hana msingi huo.

Hata hivyo, ni katika ufunguzi wa vipindi hivi ndipo penye faida kubwa kwake. Tangu enzi za Johnny Carson, aliyeendesha The Tonight Show toka mwaka 1962 hadi 1992, mwendesha kipindi husimama peke yake mbele ya hadhira na kutoa mizaha mifupi mfululizo. Umbo la mizaha hiyo halibadiliki sana. Sentensi ya kwanza hutoa habari kwa lugha ya mtangazaji: nani kafanya nini, lini, wapi. Sentensi ya pili huipindua habari hiyo kwa lugha ya mtaani. Basi mwanafunzi hupata mitindo miwili ya lugha ikiwa imewekwa bega kwa bega, na ya kwanza humfungulia mlango wa kuielewa ya pili. Sijui kitabu cha darasani kinachofanya hivyo mara kumi kwa dakika tano.

Kinachopatikana zaidi humo ni misemo ambayo kamusi zetu za lugha mbili ama zimeiacha au zimeieleza nusunusu. Katika rasimu moja ya habari za nje iliyoletwa kwangu niisahihishe, waziri wa nchi fulani alikuwa 'ametembea kinyumenyume kutoka katika kauli yake'. Mfasiri alikuwa amekutana na 'walk back', akalifasiri kila neno kwa haki yake. Mtu aliyewasikiliza wachekeshaji kwa miezi michache angejua kwamba mwanasiasa afanyaye hivyo amelegeza kauli yake, au ameikana kwa adabu bila ya kukiri kosa. Hali kadhalika, yule aliyetupwa 'chini ya basi' hakupatwa na ajali yoyote. Ametoswa na mwenzake ili huyo mwenzake aokoke. Kiswahili kina 'kutosa' tayari, na halihitaji basi.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2004. Katika kampeni za urais za mwaka huo wapinzani wa John Kerry walimwita 'flip-flop', kwa maana ya kigeugeu, mtu wa kusema hili leo na lile kesho. Lakini neno hilohilo ni jina la kandambili, na katika mkutano mkuu wa chama cha Republican baadhi ya wajumbe walizipunga kandambili hewani. Wachekeshaji nao wakala na kusaza. Mfasiri afanyeje? Akiandika 'kigeugeu', kandambili hazina maana. Akiandika 'kandambili', tusi limepotea. Wazo linalonijia ni kuliweka 'ndumilakuwili' karibu na 'kandambili', maana maneno yote mawili yabeba uwili ndani yake, ingawa nakiri kwamba ndumilakuwili ni mtu mbaya zaidi ya kigeugeu: huyu hana msimamo, yule ana hila.

Kuna jambo la tatu ambalo laweza kufunzwa kwa sikio tu, nalo ni kinaya. Kiingereza cha kila siku hukanusha mara nyingi kwa kukubali. Msemaji hutamka maneno mawili ya kuafiki kwa sauti ya kuvuta, na maana yake huwa 'haiwezekani kabisa'. Karatasi hailionyeshi hilo. Mfasiri wa hotuba asiyelijua ataandika kwamba mheshimiwa ameafiki.

Sasa tuje kwenye hatari. Mchekeshaji huharibu lugha kwa makusudi, na mwanafunzi hana kipimo cha kujua ni wapi imeharibiwa. Mnamo Oktoba 2000, katika kipindi cha Saturday Night Live, mwigizaji Will Ferrell alimwiga George W. Bush akiwa katika mdahalo. Alipotakiwa aujumlishe ugombea wake kwa neno moja, alijibu 'strategery'. Neno hilo halikuwako. Lilitungwa kumcheka mgombea aliyesifika kwa kukwaa ulimi. Baadaye watu wa Bush wenyewe walilitumia kwa utani, na wapo wasioujua mwanzo wake waliodhani kwamba Bush ndiye aliyelisema. Mwaka 2008 yalitokea makubwa zaidi. Sarah Palin, mgombea wa umakamu wa rais, alisema katika mahojiano kwamba kutoka sehemu fulani ya ardhi ya Alaska mtu aweza kuiona Urusi. Tina Fey, akimwiga katika kipindi hichohicho cha Saturday Night Live, akaigeuza kauli hiyo kuwa ya kuiona Urusi toka nyumbani kwake. Wengi mpaka leo wanamnukuu Palin kwa maneno ya Fey. Aliyejifunza Kiingereza humo amejifunza na historia isiyotokea, na akiwa mwandishi wa habari au mtumishi wa serikali ataipeleka mbele.

Kwa ajili hiyo nisingempeleka mwanafunzi kwanza kwa waigaji. Ningempeleka kwa John Oliver, Mwingereza ambaye kipindi chake katika HBO kilianza mwaka 2014, au kwenye rekodi za Trevor Noah wa Afrika Kusini, aliyeendesha The Daily Show toka mwaka 2015 hadi 2022. Wote wawili walifika Marekani wakiwa wageni, na mgeni hueleza yale ambayo mwenyeji huyaruka. Oliver hushika jambo moja, kodi au mahakama au bima, akalieleza istilahi kwa istilahi kabla ya kulicheka. Lugha yake ya matusi haifai darasani. Mwalimu na achague vipande.

Limebaki suala linalotuhusu sisi wa istilahi. Mwaka 2005, katika kipindi chake cha kwanza cha The Colbert Report, Stephen Colbert alilitoa neno 'truthiness', yaani ukweli autakao mtu moyoni bila ya kujali ushahidi. Jumuiya ya lahaja ya Marekani, American Dialect Society, ililichagua kuwa neno la mwaka huo. Kiswahili chaweza kulipokeaje? Uradidi ungefaa, kama katika 'majimaji', kitu chenye maji kidogo kisicho maji. Lakini 'kwelikweli' limekwisha kwenda njia nyingine, nalo lasisitiza ukweli badala ya kuupunguza. 'Ukweli wa moyoni' nao ni unyofu. Nimejaribu 'ukweli wa kuhisi'. Waeleweka, ila hauchekeshi.

Tena, fani hii nzima twaiitaje? Wahakiki wa fasihi hutumia 'tashtiti' kwa kazi inayokosoa kwa kuchekesha, ilhali katika baadhi ya shule neno hilo hufundishwa kuwa ni swali ambalo jibu lake lajulikana. Mwalimu mmoja na mfasiri mmoja wanaweza kulitumia katika kikao kimoja wasielewane, na kila mmoja akawa na kitabu cha kumtetea.