Fahali wa Potter na Chapa za Ukambani

Wahakiki wa sanaa za picha wamezoea kuitenga kazi ya msanii na habari za watu walioimiliki kazi hiyo. Kazi yenyewe hujadiliwa kwa fani na maudhui; habari za wenyewe huachiwa makarani wa majumba ya makumbusho na madalali wa minada. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba utengano huo, hata kama unafaa kwingineko, hautufai sisi tunaoutazama uchoraji wa wanyama kutoka Kitui na Makueni. Tutaanza na picha moja mashuhuri ya Ulaya, kisha tuilinganishe na alama ambazo Wakamba walizichora juu ya ngozi ya mnyama mwenyewe.

1. Picha na wenyewe

Picha tunayoikusudia ni ile ya fahali iliyochorwa na Mholanzi Paulus Potter mwaka 1647. Msanii huyo alizaliwa mwaka 1625, akafa mwaka 1654 kabla hajatimiza miaka 30. Picha ni kubwa mno: urefu wake wa kusimama wapita meta mbili, na upana wake wapita meta tatu, hata fahali yule akakaribia kimo cha fahali halisi. Pembeni pake wapo ng'ombe jike na kondoo, na nyuma yao mwanamume ameegemea mti. Nzi wameonyeshwa mgongoni mwa fahali, na chini ya miguu yake yumo chura. Ukubwa wa namna hii, katika Ulaya ya karne ile, ulikuwa heshima ya wafalme, watakatifu na mashujaa wa vita. Potter alimpa heshima hiyo mnyama wa malishoni.

Wajuzi wa mifugo wamekwisha kuonyesha kwamba fahali huyo hakupata kuishi. Pembe zake ni za umri mmoja, meno ya umri mwingine, mabega ya umri mwingine tena. Msanii alimuunda kutokana na wanyama kadhaa. Kwa hiyo uhalisia unaosifiwa sana katika picha hii ni uhalisia wa kutungwa.

Mwandishi wa makala haya aliiona picha hiyo alipokuwa masomoni ng'ambo. Kwa kuwa amelelewa miongoni mwa watu wa mifugo, jambo la kwanza alilolitafuta ni chapa. Hakuiona. Fahali yule hana alama ya mwenyewe, na wala haielezwi kama yule mwanamume aliyeegemea mti ni mwenye mali au ni mchungaji wa mshahara. Msanii ametupa nzi, ametupa chura, lakini swali ambalo mfugaji yeyote angeliuliza kwanza ameliacha bila jibu.

Jibu lililokosekana ndani ya picha linapatikana nje yake, na linahusu picha, si ng'ombe. Mwaka 1749 picha ilinunuliwa mnadani kwa ajili ya mkusanyo wa mtawala wa Uholanzi, William wa Nne. Mwaka 1795 majeshi ya Ufaransa yaliingia nchini humo. Picha ikatekwa, ikapelekwa Paris na kutundikwa katika jumba la Louvre. Napoleon aliposhindwa mwaka 1815, ilirudishwa kwao, na leo imo katika jumba la Mauritshuis mjini The Hague. Yafaa tuzingatie sababu za kurudi kwake. Ilirudi kwa kuwa mwenyewe alijulikana kwa maandishi, na kwa kuwa mwenyewe huyo alikuwa upande wa washindi. Sababu ya kwanza peke yake isingalitosha.

2. Picha ambayo ni umiliki

Sasa na tuje Ukambani. Msomi wa Kiswidi Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na kuchapisha kitabu chake kikuu juu ya Wakamba mwaka 1920, aliziandika alama ambazo koo mbalimbali zilizitia katika ng'ombe wao. Ukoo kwa Kikamba ni mbai, na kila mbai ilikuwa na alama yake. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini mbali na nyumbani ilitiwa alama vilevile, na mishale pia, ili mnyama akianguka ijulikane ni mshale wa nani uliompata.

Alama hizo zilikuwa na kazi kubwa kwa sababu mwenye mali na mali yake hawakukaa pamoja daima. Katika nyika za Kitui ng'ombe walipelekwa mbali hadi kwenye makambi ya malisho, yaani kyengo, wingi syengo. Tena ilikuwa desturi kumkabidhi jamaa au rafiki sehemu ya mifugo, ili ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, upande mwingine usalimike. Hivyo aliyekuwa na fimbo mkononi hakuwa lazima mwene, neno la Kikamba ambalo ni ndugu wa mwenye katika Kiswahili. Chapa ndiyo iliyoeleza. Mtu aliweza kusoma ubavuni mwa ng'ombe habari ambazo katika picha ya Potter hutafutwa katika daftari la mnada.

Kuna watakaopinga kwamba chapa si picha, kwa maana haina uhuru wa msanii. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Katika mapango ya kilima cha Lukenya, ukingoni mwa mbuga za Athi, imo michoro myeupe ya alama za namna hii. R. M. Gramly, katika makala aliyochapisha katika jarida la Azania mwaka 1975, aliihusisha na chapa za ng'ombe na karamu za nyama za wafugaji. Michoro hiyo si ya Wakamba. Inahusishwa na Wamasai, majirani zao. Hata hivyo inathibitisha kwamba katika eneo hili alama ya umiliki iliweza kutoka katika ngozi, ikapanda mwambani, ikatazamwa kwa ajili yake yenyewe. Ng'ombe ameliwa, mwili wake haumo pangoni, lakini mwenyewe angali anatajwa. Potter alichora mwili akaliacha jina. Wachoraji wa Lukenya walichora jina wakauacha mwili.

Hata hivyo tusiitukuze chapa kupita kiasi. Alama ilikuwa ya ukoo wa kiume. Desturi ya Wakamba ilitambua ng'ombe wa nyumba ya mke fulani, ambao watoto wake waliwategemea. Lakini mama huyo, aliyekamua na kulisha, hakuwa na alama yake ubavuni. Chapa hutaja na pia hunyamaza. Mhakiki anayemlaumu Potter kwa kumficha mwenye fahali hana budi kuiuliza chapa nayo imemficha nani.

3. Mwaka 1938

Thamani ya hoja hii yaonekana wazi katika mkasa wa mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba mifugo imezidi na kuharibu ardhi katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule, na hadi mwaka 1992, ilijumuisha Makueni. Ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilikuwa kikiwahitaji. Wakamba, wake kwa waume pamoja na watoto, waliandamana kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kumwona gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliuacha mpango wa kuuza mifugo kwa lazima.

Katika hesabu za serikali ng'ombe walikuwa idadi tu. Kwa waandamanaji kila mnyama alikuwa na ukoo, na baadhi yao walikuwa amana ya mtu mwingine. Tunaweza kusema kwamba pande mbili hizo zilitazama ngozi ileile, upande mmoja ukaisoma, mwingine ukaipima uzito. Fahali wa Potter alirudishwa baada ya miaka 20. Ng'ombe aliyekwisha kupita kiwandani hakuweza kurudi, na chapa yake ilipotea pamoja naye.

Zilizosalia ni alama zilizonakiliwa vitabuni, nasi twazisoma katika maktaba kama mapambo. Hapa ndipo idara zetu zinapowajibika. Wazee wa Mbooni, Kibwezi, Mutomo na Mwingi wanaokumbuka alama za mbai zao waendewe sasa, na kila alama iandikwe pamoja na jina lake la Kikamba, ukoo wake, na maelezo ya nani aliruhusiwa kuitia na nani hakuruhusiwa. Kuukusanya mchoro bila mwenyewe ni kurudia, kwa kalamu, kosa la mwaka 1938.