Kamiriithu: nguvu ya wanaojitolea, mipaka ya mfadhili

Mwaka 1977, wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwandani walijenga ukumbi wa wazi wa maigizo huko Kamiriithu, Limuru, Kenya. Uliketisha watu wapatao 2,000. Hakuna aliyelipwa.

Mambo matatu yaliwabakiza watu hao kazini. La kwanza, kituo cha kijiji kilitangulia mchezo wa kuigiza: mwaka 1976 wanakijiji walikuwa wameanzisha hapo darasa la kisomo cha watu wazima, kwa hiyo maigizo yalizaliwa penye uongozi na wenyewe. La pili ni ratiba. Mazoezi yalifanyika Jumamosi na Jumapili alasiri, ili shamba, kazi ya mshahara na ibada visiguswe. La tatu, na ndilo kubwa, ni sauti katika kazi yenyewe. Waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walileta rasimu ya mchezo huo, Ngaahika Ndeenda, kwa Kikuyu, nao wazee wakasahihisha lugha na matukio. Kĩmani Gecaũ aliongoza mazoezi mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Ukumbi wenyewe ulibuniwa na vijana waliopanga njiti za kiberiti chini, wakaunda mfano mdogo, kisha wakajenga.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Novemba 16 kibali cha maonyesho kilifutwa, na Machi 1982 polisi wakaubomoa ukumbi.

Kujitolea hakukuuokoa ukumbi huo, lakini fedha za nje nazo zina udhaifu wake. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha za wafadhili, kisha likarudi 2017.

Kwa kikundi cha sanaa cha kijiji cha Genkuru, mkoani Mara, Tanzania, hesabu inaanzia hapo. Wakurya wa huko wana iritungu (ala ya nyuzi), ngoma na wasimulizi. Mtaji wa sanaa upo. Mfadhili aombwe taa, vipaza sauti na nauli ya ziara, vitu ambavyo mikono ya kijiji haiwezi kuvitengeneza. Asiombwe posho ya kila zoezi, maana siku mradi unapofungwa, mazoezi nayo hufungwa. Kiwanja kiombwe katika mkutano mkuu wa kijiji na kiandikwe kwenye muhtasari. Kikundi kisajiliwe mapema katika Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na mapato na matumizi yasomwe hadharani.

Viongozi wa vijiji vya Tarime na Serengeti waanze na kiwanja. Barua kwa mfadhili ifuate baadaye.