Wakili wa Halmashauri

Darasa likikamilika Old Korogwe, sifa huenda kwa fundi, kwa diwani na kwa akina mama waliochota maji ya zege. Mwanasheria wa halmashauri hatajwi na mtu. Mimi ningemtaja wa kwanza.

Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria iliyotungwa na Bunge. Kwa hiyo mtoza ushuru sokoni Manundu hana nguvu yoyote ya kwake. Nguvu yake yatoka kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya 1982, na inamfikia kupitia sheria ndogo aliyoiandika mwanasheria mezani kwake. Uzi huo ukikatika, kinachobaki ni unyang'anyi wenye stakabadhi.

Hapo ndipo ufundi ulipo, nami nauheshimu kuliko hotuba za mahakamani. Mwanasheria mzuri akiandika kifungu cha ushuru, humwona mapema atakayeumizwa nacho. Akisema "mazao" tu, bila kiwango wala kipimo, mama mwenye tenga moja la nyanya atasimamishwa kizuizini sawasawa na mwenye lori. Mwaka 2017 Bunge liliushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Siku hiyo kila mwanasheria wa halmashauri, Korogwe kama Handeni, alikuwa na sheria ndogo ya kutazama upya. Rasimu hubandikwa wananchi waipinge wakitaka, hupita kwa madiwani, hupelekwa kwa Waziri, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ni safari ndefu, na ndivyo inavyopaswa kuwa, maana mwisho wake ni mkono kuingia mfukoni mwa mtu.

Kazi hii yataka moyo pia. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Halmashauri ikibanwa, macho huelekea huko. Anayesema "hapana, sheria hairuhusu", mbele ya wakubwa wake, ni huyuhuyu.

Mkoani kwetu Tanga kazi ya wanasheria imefika mbali kuliko ushuru wa sokoni. Mwaka 2024 mamlaka ya maji iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi. Mwenye akiba yake hakununua bomba. Alinunua ahadi iliyoandikwa, nani atalipwa, lini, kutoka mapato yapi. Nani aliyeipima ahadi hiyo neno kwa neno, kama si mawakili?

Shuleni mambo ni madogo zaidi, na kwangu ndiyo makubwa. Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Ruzuku ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 wa sekondari kwa mwaka. Pengo huzibwa na michango. Mwanasheria ndiye wa kumkumbusha mwalimu mkuu kwamba mchango ni hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa ajili yake. Ndiye pia wa kuuliza, kabla saruji haijashushwa, kiwanja ni cha nani. Ukoo ulikitoa kwa mdomo, wajukuu watakidai. Basi anataka muhtasari wa mkutano, mipaka iliyopimwa na sahihi za waliotoa, hata kama fundi amekwisha kuanza kuchimba msingi.